Trekta la Katikati ya Mistari

Mkonge wa Tanga umesimuliwa sana kupitia korona (mitambo ya kuchakata majani), manamba (vibarua wa mkataba) na reli. Trekta hutajwa kwa kupita tu. Hilo ni pengo kubwa, kwa sababu mkonge ni zao la mistari, na trekta la mazao ya mistari ni chombo cha aina yake.

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, aliagiza miche midogo 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Uzao wa miche hiyo ulienea Pangani, Muheza na Korogwe mpaka mkonge ukawa tegemeo la uchumi wa Tanganyika. Kwa miaka mingi shamba liliendeshwa kwa mikono ya watu: kung'oa visiki, kupanda, kupalilia, kukata. Majani yalifika korona kwa matoroli yaliyopita juu ya vireli vyembamba.

Matrekta yalikuwepo duniani, lakini ya kulimia tu. Fordson, iliyotoka Marekani mwaka 1917, ilivuta plau vizuri, ila tumbo lake lilikuwa chini na haikuweza kupita juu ya mahindi machanga bila kuyaponda. Mkulima alilima kwa trekta, kisha akarudi kwa farasi kupalilia. Mwaka 1924 kampuni ya International Harvester ikauza Farmall: tumbo limeinuliwa, magurudumu mawili ya mbele yamesogezwa pamoja yapite kati ya mistari miwili, ya nyuma yametanuliwa. Mashine moja sasa iliweza kulima, kupanda na kupalilia.

Hata hivyo, umbo lililotawala Afrika Mashariki lilitokana na mawazo ya Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini. Fordson ilikuwa na hatari ya kuua: plau likinasa kwenye kisiki, trekta huinuka mbele na kumwangukia dereva. Ferguson akaliunganisha plau na trekta kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, pamoja na haidroliki ya kuinua na kushusha. Plau likikwama, mkono wa juu husukuma mbele, na uzito hubaki kwenye magurudumu ya mbele. Karibu kila trekta unaloliona leo lina mikono hiyo mitatu.

Trekta lake dogo la kijivu, TE20, liliundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na yalitoka zaidi ya 500,000. Nafasi kati ya magurudumu yake iliweza kubadilishwa kutoka inchi 48 hadi 76. Nyuma, fundi aligeuza rimu na sahani zake. Mbele, alihamisha bolti kwenye matundu ya ekseli. Nati nyingi zilifunguka kwa spana moja, na mpini wa spana hiyo ulikuwa na alama za inchi za kupimia. Mtu aliyebuni hivyo alimfikiria fundi aliye mbali na gereji, na mimi namheshimu kwa hilo.

Wakati huohuo, Waingereza walikuwa wakijaribu nguvu za aina nyingine huko Kongwa. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulileta hata vifaru vya kijeshi vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Ulifungwa mwaka 1951, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Ardhi ngumu na mvua haba viliyashinda madude hayo.

Tanga tatizo lilikuwa jingine. Mkonge hupandwa mistari miwili miwili: mita 1 kati ya mistari pacha, kisha njia ya mita 4 au pungufu kidogo. Kwa macho njia hiyo ni pana. Lakini majani yaliyokomaa hukaribia mita moja na nusu, kila moja lina mwiba mkali kwenye ncha, na yanatanda pande zote. Trekta lenye kupita hapo na haro au kifyekeo, pasipo kuchanja majani, lazima liwe jembamba. Baadaye likafungwa tela, na katika mashamba mengi likachukua kazi ya vireli. Kazi moja tu halikuiweza: kukata. Mpaka leo jani hukatwa kwa kisu na mkono wa mtu.

Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Kisha nyuzi za plastiki zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na uzalishaji ukaporomoka. Massey Ferguson, kampuni iliyozaliwa baada ya Ferguson kuungana na Massey-Harris mwaka 1953, ilikuwa imeshaeneza matrekta mekundu, hasa MF 35 na MF 135, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Miaka ya 1980 kiwanda cha Kibaha kikaunganisha Valmet kutoka Finland.

Ukikutana na trekta kuukuu Muheza au Korogwe, usianze na rangi, kwani huenda imepakwa mara nyingi. Inama mbele, uhesabu matundu ya ekseli. Kisha tazama ni yapi yamesuguliwa na bolti na yapi yana kutu: hapo utajua lilifanya kazi kwenye mistari ya upana gani.