Fahamu vespa: inavyobadilishwa, na kwa nini wenye nazo hutembea pamoja

Vespa ni skuta iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Piaggio, Italia, mwaka 1946. Aliyeichora ni Corradino D'Ascanio, injinia wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki. Akaja na bodi ya bati inayofunika injini, gia kwenye mkono wa kushoto, na mnyororo akauondoa kabisa. Kwa Kiitaliano "vespa" ni nyigu. Zanzibar jina hilo limekolea kiasi kwamba skuta nyingi huitwa vespa tu, hata kama si ya Piaggio.

Bodi hiyo pana ndiyo inayowapa watu hamu ya kuipamba.

Mtindo ulianzia wapi?

Waliovuma zaidi ni mods, vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960. Walipenda suti kali na muziki, na walitembelea Vespa au Lambretta. Mbele walifunga taa na saiti mira nyingi, nyuma wakaweka keria, na juu ya suti wakavaa koti la kijeshi ili zisichafuke. Mwaka 1964 walizichapa na rockers, wapenzi wa pikipiki kubwa, katika miji ya pwani ya Clacton na Brighton. Filamu ya Quadrophenia ya mwaka 1979 ikaufufua mtindo huo.

Indonesia wamekwenda mbali zaidi. Wapo wanaokata bodi na kuunga vyuma mpaka vespa inakuwa ndefu kama mkokoteni, na chakavu ndiyo urembo wenyewe.

Muonekano: anza na umeme

Rangi, kiti na keria havina shida kubwa. Ila rangi ya chombo imeandikwa kwenye kadi, hivyo ukiibadilisha toa taarifa kwa mamlaka ya usajili kabla trafiki hajakuuliza.

Taa ndizo zenye mtego. Vespa nyingi za zamani zina umeme wa volti 6. Ukifunga taa nne za ziada, zote zitafifia, ikiwemo ile kubwa unayoitegemea usiku. Fundi aangalie kwanza uwezo wa umeme, ndipo zifungwe taa.

Injini: hapa usikurupuke

Vespa za zamani, kama PX, ni tu-stroki: oili huchanganywa na petroli. PX isiyo na pampu ya oili hutumia asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Ukipunguza oili, pistoni inakauka.

Wengi hutoa silinda ya 125 au 150 na kuweka ya cc 177. Nguvu inaongezeka kweli, lakini jeti ya kabureta ikibaki ileile, petroli inakuwa kidogo na hewa nyingi. Injini inapata joto na kunoki. Ikinoki ukiwa spidi, gurudumu la nyuma linakaba ghafla, na hapo ndipo watu huanguka vibaya.

Dalili zipo. Toa plagi uitazame: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeupe maana yake petroli haitoshi, nyeusi na mafuta maana yake imezidi. Ukiwa barabarani ukasikia injini inakosa nguvu yenyewe, bana klachi mara moja, kisha egesha pembeni.

Na ukiongeza spidi, breki nazo ziangaliwe. Breki za ngoma za zamani hazikupangiwa mwendo huo.

Kwa nini utafute wenzako?

Klabu za vespa si jambo jipya. Vespa Club d'Italia ilianzishwa mwaka 1949, na siku hizi wapenzi wa vespa kutoka nchi mbalimbali hukutana kwenye Vespa World Days, kila safari mji tofauti.

Faida kubwa si picha. Vespa ya zamani haina mwongozo unaouzwa dukani kwa Kiswahili. Jeti namba ngapi inakubali ekzosi ipi, spea ipi ni feki, fundi yupi haharibu: hayo yote yako vichwani mwa watu walioshaumia. Mwenye vespa peke yake hulipia somo hilo kwa pistoni.

Safari za pamoja nazo zina utaratibu wake. Mwenye chombo dhaifu huwekwa karibu na mbele ili asiachwe. Nyuma kabisa anakaa mwenye spana. Kila mmoja abebe plagi, waya wa klachi na tairi la akiba. Mmoja akikwama, wote wanasimama.

Kwa anayeanza, ushauri ni mmoja: kabla hujanunua silinda kubwa, peleka vespa yako kwa wenye nazo, waisikilize ikiunguruma. Mara nyingi watakwambia usafishe kabureta kwanza.