Njia ya Bunia Kuelekea Kusini



Siku moja, katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, mtoto mmoja aliniuliza: «Mwalimu, kusini kwa Bunia kuna nini?» Kabla sijafungua kinywa, mwenzake akamjibu: «Kuna vita.» Darasa lote likanyamaza. Nami nikanyamaza, maana yule mtoto hakusema uongo. Lakini hakusema yote. Maneno haya nimeyaandika ili nimpe jibu, na pengine wako wazazi ambao nao wanaulizwa hivyo na watoto wao.

Basi, tuanze safari hapa nyumbani. Mji wa Bunia umekaa juu, kwenye mita 1,200 na zaidi toka usawa wa bahari. Ukishika njia ya mashariki hata kupita Bogoro, nchi inakatika ghafula, na huko chini kabisa unaona maji yanang'aa juani. Ndilo Ziwa Albert, lililo kwenye kimo cha mita 620 hivi. Mwingereza Samuel Baker alilifikia kwa upande wa Bunyoro mwezi wa Machi 1864, akalipa jina la marehemu mume wa malkia wake. Lakini halikuwa halina jina: Wanyoro waliliita Mwitanzige, yaani muua nzige.

Hapo kwenye ukingo kuna jambo la kustaajabisha. Mvua inayonyesha kwenye mteremko huingia ziwani, hufuata Mto Nile, na mwisho hufika Misri. Mvua inayonyesha hapa mjini huingia Mto Shari, kisha Ituri, kisha Aruwimi, kisha Mto Kongo, hata bahari ya Atlantiki. Mvua ni moja, wingu ni moja, lakini maji yanaagana hapa petu.

Sasa tugeuke kusini, tupite Irumu. Hapo mwanzo njia yapita katika nyasi na malisho ya ng'ombe. Kisha miti yaongezeka, na kwenye kilometa kama 75 toka Bunia twafika Komanda, mji wa njia panda. Njia moja yaenda Mambasa na Kisangani, nyingine yaenda Beni. Hapa ndipo mlango wa msitu mkubwa wa Ituri, msitu wa Bambuti na wa Babira.

Msitu huo umeona mengi. Tarehe 28 Juni 1887 Stanley aliondoka Yambuya, kwenye Mto Aruwimi, akiwa na msafara uliokuwa na Wazanzibari wengi, apate kumwokoa Emin Pasha. Walipenya msituni kwa miezi mingi. Wengi wakafa kwa njaa, kwa vidonda na kwa mishale, na vijiji vingi vilivyokuwa njiani vikaporwa chakula chake. Walifika ukingoni mwa Ziwa Albert mwezi wa Desemba. Njiani walikuta kambi za wafanyabiashara wa pembe na watumwa, watu wa Kilonga-Longa na wenzake, ambao Wamanyema wao walikuwa wakichoma vijiji na kuteka wanawake na watoto.

Tusisahau neno hili: Kiswahili chetu kiliingia Ituri kwa njia hiyohiyo, pamoja na bunduki na minyororo. Leo ndicho tunachosalia, ndicho tunachoungamia dhambi zetu, ndicho tunachowafundishia watoto Ishara ya Msalaba. Mungu alikitwaa chombo cha wateka watu, akakiosha. Tena mwaka wa 1888, Stanley alipokuwa angali huku, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alisimama Paris mwezi wa Julai akaanza kuwaita Wakristo wa Ulaya wapigane na biashara ya watumwa. Wana wake ndio waliokuja baadaye kuhubiri Injili katika nchi yetu ya Ziwa Albert.

Tuendelee. Kusini kwa Komanda uko Mlima Hoyo, wenye mapango ya mawe meupe na maporomoko ya maji yashukayo ngazi kwa ngazi. Kisha tunapita Luna, Eringeti na Oicha, hata Beni. Ukiwa na bahati ya asubuhi isiyo na mawingu, upande wa mashariki utaona kitu ambacho mgeni hakisadiki: theluji karibu kabisa na mstari wa ikweta. Ndiyo milima ya Rwenzori. Stanley aliiona mwezi wa Mei 1888, na wengi wakaamini kwamba ndiyo Milima ya Mwezi waliyoitaja wataalamu wa kale. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109; wa kwanza kukifikia alikuwa Mwitalia, Mtawala wa Abruzzi, mwezi wa Juni 1906. Wakati ule barafu ilifunika kilometa za mraba 6 na zaidi. Sasa imebaki chini ya moja. Wajukuu wetu labda watasimuliwa tu.

Toka Beni hata Butembo ni kilometa 54. Hii ni nchi ya Wanande, watu wa jembe na wa biashara, ambao ndugu zao Wakonjo wako ng'ambo ya pili ya mlima, Uganda. Kati ya Butembo na Lubero njia yakata ikweta. Huko jua la adhuhuri, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, husimama wima juu ya kichwa, na kivuli cha mtu hujificha chini ya miguu yake.

Ukiacha milima na kushuka bondeni, utafika Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Hapo mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa safu tatu. Una miaka kama 20,000. Wengine husema ni hesabu, wengine husema ni kalenda ya mwezi; umewekwa katika makumbusho ya Brussels. Kumbe, kabla ya shule yoyote, mtu wa bonde letu aliketi kando ya maji akahesabu! Bonde hilo limo katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika yote.

Na Kanisa? Mapadre Waasunsionisti walianza kazi upande wa Beni mwaka 1929. Vikarieti ya Ziwa Albert ilisimamishwa mwaka 1933, na tarehe 10 Novemba 1959 Bunia na Beni zikawa majimbo kamili. Miaka mitano tu ikapita, ikaja mbegu ya damu: tarehe 3 Novemba 1964 Padri Bernardo Longo aliuawa Mambasa, na tarehe 1 Desemba Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro kwa kulinda nadhiri yake. Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1985.

Ni jina lake Anuarite lililopewa parokia ya Komanda, pale njia panda. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waamini walikuwa wamekesha katika sala. Wauaji wakaingia. Wakafa watu zaidi ya 40, na watoto walikuwamo. Hao ndio wale ambao mtoto yule alikuwa amesikia habari zao. Siwezi kumwambia kwamba njia ya kusini haina hatari. Wasafiri wanaijua, na madereva wanaijua kuliko mimi.

Lakini sasa nina jibu. Mwanangu, kusini kwa Bunia kuna vita, kweli. Kuna na maji yaendayo Misri, na theluji juu ya ikweta, na mfupa wa mtu aliyejua kuhesabu, na makaburi ya watakatifu. Wateka watu walipita katika msitu ule na nguvu kubwa, wakadhani nchi ni yao. Wao wamekwisha, Babira na Bambuti wangalipo. Nchi si mali ya anayeua ndani yake.

Basi, wazazi, wafundisheni watoto majina haya: Shari, Hoyo, Semliki, Rwenzori, Ishango. Wafundisheni pamoja na majina ya marehemu wetu, nanyi mwombeeni kila asafiriye. Wahenga walisema: Tembea uone. Siku amani itakaporudi, watoto wetu wapite njia ile kama watu wanaotembelea nyumba ya baba yao, wasiipite kama wageni.