Sumbawanga: nani anakaa na nani?

Wadau, mnaoniuliza kama Sumbawanga kila kabila lina mtaa wake, sensa haiwezi kuwajibu. Mara ya mwisho Tanzania kuhesabu watu kwa kabila ilikuwa 1967! Anayefanya PhD ya mambo haya itabidi apige hodi nyumba kwa nyumba. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekaa Ufipa 1962-64, alikuta vijiji vya nyumba zilizosogeleana, ujirani usiotegemea ukoo. Leo mimi ningeuliza zaidi: umezaliwa wapi, ulipanga kwa nani, ulipooa ukajenga wapi? Maana Msukuma aliyekulia kwenye kaya zilizotawanyika bonde la Rukwa anaweza kupanga mjini ukuta mmoja na Mfipa, halafu uzeeni huyoo, karudi kwa ng'ombe wake.