Tundu la Dole Gumba

Tufe la bolingi la mchezaji wa ligi hutoka kiwandani likiwa zima, bila tundu hata moja. Linafika dukani kwetu ndani ya boksi, liking'aa, na aliyelinunua hawezi kulitupa mpaka mtu aupime mkono wake na kulitoboa. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha hapa Texas, katika duka dogo la fundi lililo ndani ya jumba la bolingi. Nimezaliwa Tanga, baba yangu akiwa seremala, na keekee niliijua mapema kuliko kalamu. Basi wengine wanapoisimulia historia ya mchezo huu kwa mabingwa na mataji, mimi huisoma kwenye matundu. Humo ndimo anamoonekana nani alitengenezewa tufe lake, na nani aliambiwa alizoee lilivyo.

Mwanzoni tufe lilikuwa la mti. Huko Marekani katika karne ya 19 lilikerezwa kwa lignum vitae, mti wa Karibi na Amerika ya Kati ulio mzito hata huzama majini. Aliyewahi kufanya kazi ya mpingo ataelewa: mti wa namna hiyo unakula meno ya msumeno, na keekee butu ikiugusa hutoa moshi badala ya unga. Matufe ya kale hayakuwa na matundu. Mchezaji aliliweka tufe kiganjani akaliviringisha, na lilipokuwa dogo halikumpa taabu. Hadi leo ipo michezo ya jamaa moja na huu, candlepin ya Massachusetts na duckpin ya Maryland, ambayo matufe yake huenea kiganjani na hayatobolewi kabisa.

Uzito ndio ulioleta tundu. Tarehe 9 Septemba 1895, vilabu vilikutana jijini New York vikaunda American Bowling Congress ili kuwe na kanuni moja. Kanuni hizo ziliruhusu tufe lenye mzingo wa inchi 27 na uzito usiozidi ratili 16, yaani kilo 7 na robo hivi. Zigo kama hilo huwezi kulibembeza kwa kiganja kitupu. Likatobolewa mahali pawili, dole gumba na kidole cha kati, na mkono ukapata pa kushika.

Mti una kasoro zake: hupasuka, hupoteza mviringo. Mwaka 1905 likaja tufe la mpira mgumu lililoitwa Evertrue, na mwaka 1914 kampuni ya Brunswick ikaleta la kwake, Mineralite. Polepole likaongezwa tundu la tatu kwa kidole cha pete. Kufikia katikati ya karne ya 20, matundu matatu yalikuwa jambo la kawaida na yale mawili yakabaki mikononi mwa wakongwe.

Lakini haikuwa kila mkono ulioruhusiwa. Kanuni za American Bowling Congress ziliwakubali wanaume weupe tu, na kizuizi hicho cha rangi kilidumu hadi 1950. Wachezaji weusi walianzisha chama chao Detroit mwaka 1939, kikiitwa National Negro Bowling Association. Mimi ninayeshika mikono ya kila rangi kila Jumamosi sipendi kuipita habari hiyo harakaharaka. Dole gumba jeusi na jeupe hutobolewa kwa keekee ileile.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kwanza hupimwa nafasi kati ya dole gumba na vidole viwili vya kati. Anayeanza hutumbukiza vidole hadi kiungo cha pili, na anakuwa na uhakika kwamba tufe halitamponyoka. Aliyekomaa hutumbukiza ncha tu, hadi kiungo cha kwanza. Hapo matundu husogezwa mbali zaidi, na vidole hupata nguvu ya kulizungusha tufe linapoachiwa. Kisha huja unene. Keekee zetu hupishana kwa sehemu moja ya 64 ya inchi, na dole gumba hulitambua pengo hilo dogo mara moja. Tena dole gumba halitulii: asubuhi ni jembamba, baada ya michezo miwili limevimba. Ndiyo maana wachezaji hutembea na utepe wa kubandika ndani ya tundu, wakiongeza na kubandua kadiri mkono unavyobadilika.

Kipimo cha tatu ndicho kinachomtenganisha fundi na mtoboaji, nacho ni mwinamo. Tundu laweza kuelekea katikati kabisa ya tufe, au likakwepa kidogo upande wowote. La dole gumba likiinamia kiganjani, kidole hushikwa zaidi. Likiinamia nje, huchomoka upesi. Ukikosea mwinamo, mchezaji atalikaba tufe bila kujijua. Ukingo mkali ukimkandamiza kila anaporusha, huumiza mshipa wa fahamu ulio pembeni mwa dole gumba, nalo hufa ganzi. Madaktari wa Marekani wanalijua tatizo hilo na wamelipa jina la mchezo wenyewe. Mzee aliyenifundisha alikuwa akimaliza kutoboa anazima mashine, kisha anakaa na msasa akiulainisha ukingo kwa muda mrefu kuliko alioutumia kutoboa. Mteja akilalamika kuhusu muda, alimwomba mkono na kumwonyesha sugu zake.

Kila tundu huondoa uzito upande mmoja. Zamani viwanda viliweka kipande kizito chini ya ganda ili kufidia kile ambacho keekee ingekula. Ikaja plastiki ya poliesta, kisha yurethani, ambayo kampuni ya AMF iliifanya maarufu kwa tufe lake Angle mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miaka ya 1990 ikaleta ganda la resini linalong'ang'ania ubao wa njia uliopakwa mafuta, na ndani yake kiini chenye umbo la makusudi. Tangu hapo mahali pa tundu pakaanza kuamua tufe lipinde wapi na kwa ukali gani. Fundi aliyekuwa mpimaji wa mikono akageuka pia mchoraji wa njia.

Lilikuwapo pia tundu la nne lisiloingia kidole. Lilitobolewa pembeni kusawazisha mizani au kubadili mwendo wa tufe, na hodari wa hesabu waliligeuza silaha. United States Bowling Congress, chama kilichorithi kazi ya kile cha 1895, kililipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Agosti 2020: kila tundu sharti liingizwe kidole katika kila mrusho. Kwa kufidia, tufe la zaidi ya ratili 10 likaruhusiwa kupishana uzito kati ya upande na upande hadi wakia 3. Mafundi wengi walinung'unika. Mimi niliona haki imetendeka, kwa kuwa tundu lilizaliwa kwa ajili ya mkono.

Na mkono nao haujaacha kubadilika. Jason Belmonte wa Australia hurusha kwa mikono miwili bila kutumia dole gumba, na amekuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa kupata kutokea. Vijana wanaomfuata wananiletea matufe ya kutobolewa mahali pawili tu, kidole cha kati na cha pete. Kwa idadi tumerudi kwenye matundu mawili ya mababu, ila dole gumba limetolewa.

Wewe utakayeingia jumba la bolingi Nairobi au Dallas ukaazima tufe la nyumba, jua kuwa limetobolewa kwa mkono wa kila mtu, kwa hiyo si wa mtu yeyote. Lichague kwa dole gumba kabla ya uzito: liingie lote na kutoka bila kuvutwa. Na siku utakaponunua la kwako, fundi akiwasha mashine kabla hajaushika mkono wako, chukua tufe lako uende kwa mwingine.