Upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma: dalili, chakula na vidonge

Mwili hutumia madini ya chuma kutengeneza damu. Yakikosekana kwa miezi mingi damu hupungua polepole, na mtu huzoea kuchoka hadi akadhani ndivyo alivyo. Wengi husema "presha imeshuka" au hulaumu safari ya kuni, na hivyo huchelewa kupimwa. Mama mjamzito ndiye anayeumia zaidi na kuchelewa huko: akifika kujifungua akiwa na damu kidogo, hata kiasi cha damu ambacho mama mwingine angepoteza na kupona kinaweza kumuua.

Dalili zake ni uchovu usioisha, kizunguzungu, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio na kuishiwa pumzi mlimani. Wengine hutamani sana kula udongo. Udongo hauongezi damu. Huzuia chuma kuingia mwilini na unaweza kuleta minyoo. Usitazame uso pekee. Vuta kope la chini la jicho, au linganisha kiganja cha mtoto na cha mtu mwenye afya. Kikiwa cheupe, mpeleke akapimwe. Kipimo ni tone la damu kidoleni. Kwa mjamzito, kiwango kilicho chini ya 11 ni upungufu, na chini ya 7 ni hatari kubwa.

Kwa nini kambini? Mgao mara nyingi ni unga wa mahindi, dengu au maharage na mafuta. Chuma kimo kwenye nafaka na maharage, lakini mwili hukichukua kidogo tu. Hedhi nzito na kuzaa bila kupumzika pia humaliza akiba ya chuma. Tena kuna malaria, ambayo huharibu damu, na minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu tumboni na huingia kwa miguu iliyo peku.

Nyama na maini yana chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi, lakini bei yake twaijua. Dagaa (ndagala, au omena kwa walio Kenya) hununuliwa hata kwa fungu dogo. Wasage wawe unga, kisha tia kijiko kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6. Matembele na mchicha huota hata kwenye gunia la udongo mlangoni. Sombe nayo ni nzuri ikitwangwa na kuchemshwa sana. Kamulia limao juu ya mboga, au kula pera baada ya maharage, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia.

Chai hufanya kinyume. Hiyo haina gharama kuibadilisha: kunywa chai au kahawa saa moja au mbili baada ya kula, na mtoto mdogo asipewe kabisa. Soda nyekundu na juisi za rangi ya damu, ambazo watu hununua kwa fedha ya akiba, haziongezi damu kwa sababu ya rangi yake. Fedha hiyo heri iende kwenye dagaa.

Aliyekwisha kupungukiwa hatapona kwa chakula peke yake. Kliniki ya wajawazito hutoa vidonge vya chuma pamoja na asidi ya foliki, kimoja kila siku. Choo kitakuwa cheusi. Hilo si baya. Tumbo likichafuka, meza usiku pamoja na chakula kidogo, bila chai wala maziwa. Akina mama wengi huacha wakianza kupata nguvu, na hapo ndipo tatizo hurudi: akiba ya mwili huhitaji miezi kama mitatu zaidi kujaa. Mwenye selimundu (SS) asimeze bila ushauri wa mhudumu, kwa maana damu yake hupungua kwa sababu nyingine. Dawa ya minyoo mjamzito hupewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Vidonge viwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza vingi anaweza kufa, hivyo mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, uwe mkimbizi au mwenyeji, ukiishiwa pumzi ukiwa umekaa, ukizimia, miguu ikivimba, au mtoto akipumua haraka na viganja vikiwa vyeupe kabisa. Huenda akahitaji kuongezewa damu, kwa hiyo ndugu wawili watu wazima wafuatane naye.