Injili Neno kwa Neno: Yesu wa Pasolini na Waliomtazama

Tarehe 4 Septemba 1964, kwenye Tamasha la Filamu la Venice nchini Italia, vijana wa mrengo wa kifashisti walijikusanya kumzomea Pier Paolo Pasolini. Hawakukosa sababu za kumchukia. Alikuwa mshairi mwenye ulimi mkali, alifuata siasa za Kikomunisti, alisema waziwazi kwamba haamini Mungu, na mwaka uliotangulia mahakama ya Roma ilikuwa imemtia hatiani kwa kuidhalilisha dini ya taifa katika filamu yake fupi, La ricotta. Sasa mtu huyohuyo alikuja na filamu juu ya maisha ya Yesu. Wengi waliingia ukumbini wakitarajia kufuru. Walichoonyeshwa ni Injili ya Mathayo, na Pasolini hakuongeza neno lake hata moja katika vinywa vya wahusika.

Filamu hiyo, Il vangelo secondo Matteo, ilitoka Venice na Tuzo Maalumu ya majaji pamoja na tuzo ya shirika la kimataifa la Wakatoliki la sinema. Ubishi haukuishia hapo. Ndiyo sababu nimeichagua katika kuitazama upya historia ndefu ya Yesu kwenye sinema. Mtu angedhani kwamba filamu ikishikamana na Maandiko, mgogoro unakwisha. Historia inatuonyesha kinyume chake. Kadiri mwongozaji anavyoshikamana na maneno ya Injili, ndivyo watazamaji wanavyogundua kwamba Yesu waliyemzoea walimpata zaidi kwenye picha za ukutani, mahubiri na nyimbo kuliko kwenye kitabu chenyewe.

Ubishi huu una umri karibu sawa na sinema yenyewe. Mwaka 1912 Sidney Olcott alikwenda na kundi lake hadi Misri na Palestina kupiga filamu ya From the Manger to the Cross. Maandishi yaliyotokea katikati ya picha yalikuwa aya za Biblia, sura na mistari ikitajwa. Familia Takatifu inayokimbilia Misri ilipigwa picha penye piramidi na sanamu ya Sphinx. Hata hivyo, ilipofika London ilizua kelele. Waliolalamika hawakusema kuna jambo lililopotoshwa. Walichokikataa ni mwigizaji, mtu wa kulipwa, kuuvaa mwili wa Kristo na kuonyeshwa kwa kiingilio. Bodi ya ukaguzi wa filamu ya Uingereza ilipoanza kazi Januari 1913 ilikuwa na makatazo mawili tu: uchi, na umbo la Kristo kuonekana kwenye pazia.

Inafaa tulikumbuke hilo tunapozungumzia hisia za Waislamu wa pwani yetu. Kwao Nabii Isa ni mtume mtukufu, na wanazuoni wengi wamekataza nabii yeyote kuigizwa. Mtazamaji wa Lamu au Unguja anayegeuza uso filamu ya Yesu inapoanza hana haja ya kuulizwa kama imefuata Luka au Mathayo, kwa kuwa pingamizi lake ni la msingi zaidi. Kwa hilo anasimama karibu sana na walalamikaji wa London wa 1912. Hata Hollywood iliuheshimu mwiko huo kwa muda mrefu. Katika Ben-Hur ya 1925 na ile ya 1959, Yesu huonekana kwa mkono tu, au kwa mgongo, na uso wake haufunuliwi.

Cecil B. DeMille aliufunua 1927 katika The King of Kings, filamu iliyofungua ukumbi wa Grauman's Chinese Theatre mjini Los Angeles tarehe 18 Mei mwaka huo. Hapa pingamizi kubwa lilitoka upande mwingine. Viongozi wa Wayahudi wa Marekani walisema filamu inawabebesha watu wao damu ya Yesu, nao walijua hadithi hiyo ilivyotumika Ulaya kuchochea mauaji. DeMille akapunguza baadhi ya sehemu. Tangu siku hizo suala la nani alaumiwe halijapata kuondoka, na tutakutana nalo tena.

Turudi kwa Pasolini. Mwezi Oktoba 1962 alikuwa mgeni wa jumuiya moja ya Kikatoliki mjini Assisi. Papa Yohane XXIII alikuwa anafika kuhiji mjini humo, barabara zimefurika watu, na Pasolini akabaki chumbani. Akachukua Injili iliyokuwa karibu na kitanda, akaisoma. Huko ndiko lilikotoka wazo la filamu, na ndiyo maana filamu imewekwa wakfu kwa kumbukumbu ya Papa huyo, aliyefariki Juni 1963.

Mwaka 1963 Pasolini alikwenda Palestina akiwa na padri kutafuta mahali pa kupigia picha. Alikuta sehemu kubwa ya nchi imekwisha kugeuzwa na maendeleo. Akaamua kwenda kusini mwa Italia, kwa wakulima maskini, hasa mji wa Matera ambao watu wake waliishi katika nyumba zilizochongwa kwenye mwamba. Umati anaouhutubia Yesu ni watu wa huko wenyewe: wazee wenye mapengo, wanawake waliojifunika shungi, watoto wa mitaani. Yesu alikuwa Enrique Irazoqui, mwanafunzi wa uchumi kutoka Barcelona, umri miaka 19, aliyekuja Italia kutafuta kuungwa mkono dhidi ya udikteta wa Franco nchini Hispania. Hakuwa amewahi kuigiza. Sauti tunayoisikia si yake, ni ya mwigizaji Enrico Maria Salerno. Irazoqui aliporudi kwao, serikali ilimnyang'anya pasipoti.

Filamu inaanza kwa ukimya. Msichana amesimama, uso hauna tabasamu wala machozi. Mwanamume anamtazama. Ndipo tunaona kwamba msichana ni mjamzito. Yusufu anaondoka pasipo neno, kwa sababu Mathayo hakuandika kwamba Yusufu alisema neno. Mwongozaji mwingine angewapa wawili hao mazungumzo ili mtazamaji aelewe. Pasolini anatuachia nyuso tu, na nyuso zinatosha.

Hotuba ya Mlimani nayo haina mlima wala umati. Ni uso wa Yesu peke yake kwenye pazia, sehemu baada ya sehemu, mara mchana, mara usiku, mara radi zinamulika nyuma yake, mara kichwa kimefunikwa. Anasema haraka kama mtu ambaye muda unamwishia. Mbele ya Mafarisayo anapaza sauti kwa ghadhabu.

Hapo ndipo watazamaji wengi waliposhtuka. Walizoea Yesu mpole, mwenye macho ya huruma na mkono ulioinuliwa. Huyu anatembea mbele, anawageukia wanafunzi akiwa mwendoni na kuwatupia maneno bila kusimama. Wengine walisema huyu si Yesu, ni mwanasiasa, ni mwanamapinduzi, Pasolini amemfanya Mkomunisti. Lakini kila neno la ukali analolisema limo ndani ya Mathayo. Sura ya 23 inasomwa makanisani, ila mara nyingi kwa sauti tulivu. Kusomewa ole zile kwa utaratibu ni jambo moja, kuzisikia zikitoka kinywani mwa kijana aliyekasirika ni jambo jingine. Naamini huo ndio mchango mkubwa kuliko yote wa filamu hii: iliwarudishia watu hasira takatifu ambayo mazoea yalikuwa yameifunika.

Lawama hazikutoka upande mmoja. Gazeti la Vatikano, L'Osservatore Romano, lilisema filamu ni aminifu kwa kisa cha Injili lakini si kwa roho yake. Upande wa kushoto, rafiki zake Pasolini walitaka kujua imekuwaje asiyeamini akaacha Yesu atembee juu ya maji na alishe watu kwa mikate michache. Mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba baadhi ya miujiza hiyo haikumridhisha. Basi muumini alilalamika kwamba mwongozaji haamini, na asiyeamini akalalamika kwamba mwongozaji ameamini mno, ilhali kitabu walichokuwa wakikibishania ni kilekile.

Jambo moja linatugusa sisi kwa karibu. Jina la filamu linapotokea kwenye pazia, muziki unaosikika ni Gloria ya Missa Luba, misa iliyoundwa Kamina, Katanga, katika Kongo ya wakati huo, na kwaya iliyokusanywa na Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Ngoma na sauti za waimbaji hao wa Kongo zinarudi tena mwishoni, jiwe la kaburi linapoanguka. Pasolini aliichanganya na Bach na wimbo wa kiroho wa watu weusi wa Marekani. Hivyo ufufuko katika filamu ambayo wengi wanaiona bora kuliko zote za Yesu unatangazwa kwa sauti za Kiafrika. Wakongo wengi na Waafrika Mashariki wengi hawajui hilo, na wanastahili kulijua.

Chini ya msalaba anaonekana Maria akiwa mzee. Huyo ni Susanna, mama mzazi wa Pasolini. Mwanawe mdogo, Guido, mpiganaji wa msituni dhidi ya wafashisti, aliuawa Februari 1945 na wapiganaji wa Kikomunisti. Susanna anapoanguka na kulia pale Golgota, anayemtazama akiwa anajua habari hiyo hawezi kuuona uigizaji tu.

Kuna aya moja ya Mathayo, 27:25, umati unapojitwika damu ya Yesu wao na watoto wao. Pasolini, aliyekuwa amejifunga kwa maandishi, hakuiacha. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba kifo cha Yesu hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala Wayahudi wa leo. Mel Gibson alipotoa The Passion of the Christ, Jumatano ya Majivu 2004, aya hiyohiyo ilileta mvutano tena. Mwishowe alibakiza maneno yenyewe kwa Kiaramu na kuondoa tafsiri yake iliyoandikwa chini ya picha. Watazamaji walitoka kwenye filamu hiyo wakilia, wengine wakisema hatimaye wameona mateso yalivyokuwa, wengine wakisema wameona damu badala ya Injili. Iliingiza zaidi ya dola milioni 370 Marekani peke yake. Mengi ndani yake hayakutoka katika Injili bali katika njozi zinazohusishwa na mtawa Mjerumani, Anne Catherine Emmerich. Waliokwenda kuitazama kama Biblia tupu wanapaswa kulielewa hilo.

Kuhusu Jesus of Nazareth ya Franco Zeffirelli nitasema kwa ufupi, kwa kuwa inajulikana. Ilipokaribia kuonyeshwa Marekani 1977, wahubiri fulani waliishambulia bila kuiona, kwa sababu mwongozaji alikuwa amesema angemwonyesha Yesu kama binadamu wa kawaida. Kampuni ya General Motors ikajitoa katika ufadhili. Ilipoonyeshwa, makelele yakatulia. Uso wa Robert Powell, mwigizaji Mwingereza mwenye macho ya samawati, ukaenea duniani na kuingia kwenye kalenda na picha za ukutani, hadi wapo wanaoamini kwamba hivyo ndivyo Yesu alivyokuwa.

Lakini filamu iliyowafikia watu wengi vijijini Afrika ni Jesus ya 1979, iliyofuata Injili ya Luka, Brian Deacon akiwa Yesu. Imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwemo. Haikuhitaji ukumbi wa sinema. Gari lilifika jioni na jenereta, projekta na kitambaa cheupe, likaegeshwa kwenye uwanja wa shule au wa kanisa, na watu wakakaa chini pande zote mbili za kitambaa. Wengi wanaoikumbuka hueleza mambo yanayofanana: vicheko vya furaha maji yanapotulizwa, minong'ono pepo anapotolewa, na kina mama wakilia kwa sauti viboko vinapoanza. Pale mtazamaji hakukaa kimya kama ukumbini Venice. Aliitikia kama anavyoitikia mhubiri au msimulizi wa hadithi, na mwishoni akaalikwa kusali.

Ni kweli Yesu huyo ni Mzungu anayesema Kiswahili, na swali hilo ni halali. Mark Dornford-May alilijibu Afrika Kusini 2006 kwa Son of Man, ambamo Yesu ni Mwafrika anayeishi katika nchi yenye vita. Ila tusiwadharau wazee wetu waliolia mbele ya kitambaa kile. Walikuwa wakisikia Luka kwa lugha wanayoiota, na wengine wao hawakujua kusoma.

Gazeti la Vatikano lilibadili kauli. Mwaka 2014, miaka 50 baada ya Venice, L'Osservatore Romano liliandika kwamba filamu ya Pasolini pengine ndiyo bora kuliko zote zilizotengenezwa juu ya Yesu. Vijana wa Venice waliozomea, mapadri waliosita na wanasiasa waliokereka, ushuhuda wao umehifadhiwa kwenye magazeti na vitabu vya Italia. Wa kwetu haujahifadhiwa. Waliokaa kwenye viwanja vya vijiji vyetu wakati gari la sinema lilipofika, wengi sasa ni wazee. Ewe msomaji uliye na mzazi, babu au bibi aliyekuwepo, mwulize aliona nini, alicheka wapi, alikataa nini, na watu walisema nini njiani wakirudi nyumbani. Yaandike anayokuambia, kwa maneno yake mwenyewe.