Herufi na Tarakimu za Muuguzi wa Gisenyi
Hospitalini Gisenyi, kama kwingineko Rwanda, cheo cha muuguzi kilifupishwa kwa herufi na tarakimu: A2 aliusomea uuguzi sekondari, A1 alikaa chuoni miaka mitatu, A0 ana shahada.

Mauaji ya kimbari ya 1994 yalipukutisha watumishi wa afya, na A2 ndio waliobeba mzigo mkubwa wodini. Mwaka 2007 serikali ikasitisha mafunzo yao. Vyuo vya Kabgayi, Byumba, Rwamagana, Nyagatare na Kibungo vikapewa jukumu la kufundisha A1, na wakongwe wengi wakarudi masomoni, wengine kwa kompyuta huku wakishika zamu.



Mwaka 2021 uuguzi ukarejea sekondari, sasa kwa jina la uuguzi msaidizi.